Titanium Ilifunga Kwale: Doh Ilienda Wapi, na Wasee Wanaishi Aje Sasa?

Leo weka kando kidogo stori za nani ameachana na nani. Leo tunaongea doh, na kazi, na kile kinachobaki mtaani kazi ikienda.

Shuka Galu beach saa kumi jioni wakati kaskazi inavuma. Angani kite zimejaa rangi rangi kama leso za harusi. Chini kwa mchanga kuna mtalii amejipaka ile krimu nyeupe ya jua mpaka anakaa kama amemwagikiwa na unga wa ngano. Sasa skia hii. Kile kitu cheupe ndani ya krimu nyingi za aina hiyo kinaitwa titanium dioksaidi, na madini yanayokitoa ndiyo yale yalikuwa yanachimbwa Maumba na Nguluku, hapo tu bara ukivuka barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga. Kiko kwa rangi ya ukuta, kiko kwa plastiki, kiko hata kwa dawa ya meno uliyotumia asubuhi, kama ulipiga mswaki.

Kwa miaka 11 mchanga wetu ulipanda meli pale Likoni ukaenda zake. Desemba 2024 uchimbaji ukasimama. Na kuna msee namjua, jirani yetu, alikuwa anaendesha buldoza kule mgodini. Saa hii yuko stage na nduthi, anangoja mtalii yule yule amalize kuota jua ili amkimbize Ukunda.

Kabla sijaendelea nitoe siri moja ndio usije ukaniuliza digrii yangu iko wapi. Haiko. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, na hiyo haikuwa makosa ya mgodi wowote. Nimezaliwa hapa hapa, na uchumi nimeusomea jikoni kwa maza. Huyo maza alikuwa anaamka saa tisa usiku kukanda mahamri, anauza na mbaazi pale basi la shifti ya alfajiri lilikuwa linabeba watu. Siku nzuri pakiti nne za unga ziliisha kabla jua halijatoka vizuri. Mgodi ulipoanza kupunguza watu, pakiti zikawa tatu, halafu mbili. Sasa ni moja, na kuna siku mahamri yanabaki tunakula sisi chajio. Ukitaka kujua hali ya uchumi wa Kwale, usingoje ripoti ya serikali. Uliza mama anayepika mahamri anatumia pakiti ngapi.

Turudi nyuma kidogo, maana kuna wadogo huku wanadhani Titanium ilianguka kutoka mbinguni. Stori ilianza miaka ya tisini na kampuni ya Kanada, Tiomin, ikaja ikapima mchanga, ikapigana na wenyeji, wanaharakati na mahakama kwa miaka na mikaka, mwishowe ikatoka bila kuchimba. Base Resources ya Australia ikachukua nafasi, ikafungua Base Titanium hapa Kenya. Ujenzi ukapamba moto, bwawa likajengwa kwa mto Mukurumudzi, mwisho wa 2013 mashine zikaanza kutema mzigo, na mapema 2014 meli ya kwanza ya mzigo mkubwa ikaondoka Likoni. Ilmenite, rutile na zircon. Hayo majina matatu yalikuwa yanatoa zaidi ya nusu ya thamani ya madini yote ya Kenya. Nchi nzima, buda. Si Kakamega na dhahabu yake, si Magadi. Ni hapa tu, nyuma ya Msambweni.

Kwa kilele chake kulikuwa na karibu watu 1,600 kazini, ukihesabu wa kampuni na wa makontrakta, na zaidi ya nusu walikuwa wa Kwale. Inakaa idadi ndogo ukiilinganisha na kiwanda cha nguo cha EPZ. Lakini chora hiyo picha vizuri. Mtu mmoja wa Titanium alikuwa na keja Ukunda au Kona ya Musa, alikuwa na shamba boi nyumbani, alikuwa analipia mdogo wake karo, alikuwa na nduthi mbili amewapa madogo waendeshe wamletee hesabu jioni. Kila Ijumaa alikula samaki, na mwisho wa mwezi alichangia harusi ya binamu ambaye hata hamjui vizuri. Huyo si mtu mmoja. Huyo ni kampuni ndogo inatembea na buti za usalama.

Sasa watu wengi wanachanganya hii kitu na ile ya mafuta, so wacha niiweke sawa, maana tofauti yake ndiyo inaniuma.

Mafuta yanaua kazi kwa bei. Angalia Turkana. Machi 2012 Tullow ikatangaza imepata mafuta kisima cha Ngamia 1, Lokichar, na ile sherehe uliisikia mpaka huku. Lodge zikajengwa, watu wakachukua mikopo wakanunua magari ya kukodisha kampuni, plot zikapanda. Mwaka 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa limeshuka chini ya dola 30. Hakuna mtu wa Lokichar alikosea kitu. Ni Marekani ilikuwa inatoa mafuta mengi kwa miamba na Saudia imekataa kupunguza yake, halafu msee wa Turkana aliyekuwa analinda kambi akaambiwa asirudi Jumatatu. Malori yalianza kuteremsha mafuta Mombasa mwaka 2018, mapipa 200,000 yakasafirishwa Agosti 2019 na picha zikapigwa bandarini, halafu corona ikaja. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ya Marekani yakauzwa chini ya sifuri, yaani muuzaji anakulipa wewe uyabebe. Mwezi uliofuata Tullow ikatangaza nguvu kuu, lugha ya mawakili ya kusema mambo yametushinda na si sisi. Total na Africa Oil wakajitoa 2023, na 2025 Tullow yenyewe ikauzia Gulf Energy ikaenda.

Na kama unadhani Turkana ni mbali, toka Likoni na feri kisha uende Changamwe. Ile refaineri ya mafuta iliacha kusafisha mafuta Septemba 2013, ikageuzwa kuwa matangi ya kuhifadhi. Kiwanda cha kusafisha kinataka mafundi, maopareta na watu wa maabara. Tangi linataka mlinzi na mtu wa kusoma geji. Watu wengi wa mitaa ya kule wanakumbuka mzee fulani aliyekuwa na heshima ya "anafanya refaineri."

Hiyo ndiyo habari ya mafuta: ghafla, bei imeanguka, kwaheri. Lakini Kwale haikuwa hivyo hata kidogo. Madini ya kwenye mchanga yanahesabika. Unachimba toboo, unapima, unajua kuna tani ngapi na zitaisha lini. Kilima cha kati kikaisha wakahamia cha kusini mwaka 2019, hicho kikaisha wakaenda kaskazini, na huko madini yalikuwa mepesi zaidi, mchanga mwingi faida kidogo. Wakaongezewa kipande cha Bumamani, na hicho kikawapa miezi michache tu. Kampuni ilikuwa inasema wazi kwamba mwisho ni 2024. Yaani hii haikuwa ajali ya barabarani. Hii ilikuwa harusi ambayo kadi imetumwa miaka kumi mapema, na bado siku yenyewe tukafika bila nguo.

Kwa nini? Hapa sitaki kumlaumu msee wa kawaida sana, maana najua ilivyo. Mtu akipata payslip ya kwanza maishani, hakuna mtu anamwambia "hii ina tarehe ya mwisho." Benki inamwambia kinyume. Benki inaona mshahara unaingia kila tarehe, inampigia simu yenyewe: chukua laki tano, tutakata kidogo kidogo. SACCO nayo iko hapo. Akijenga, anajenga bedsita sita za kupangisha Ukunda, na wapangaji anaowategemea ni nani? Wasee wenzake wa Titanium. Unaona mtego ulivyo? Kazi ikiisha, mshahara wako unakatika na kodi uliyopanga ikulinde inakatika siku hiyo hiyo, kwa sababu zote zilikuwa zinanyonya chupa moja. Pita Ukunda ndani ndani huko uone vibao vya "nyumba ya kupangisha" vilivyofifia kwa jua.

Sasa pesa ya kuachishwa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema ukiachishwa kwa sababu kazi haipo tena, lazima mwajiri atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama au kwako na kwa afisa wa leba, alipe likizo ulizobakisha, na akupe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza. Tupige hesabu ya mfano tu. Sema ulikuwa unalipwa 45,000 kwa mwezi na umefanya miaka 10. Hiyo ni 1,500 kwa siku, mara siku 150. Inatoka 225,000. Kuna waajiri wanalipa juu ya hapo, lakini hicho ndicho kiwango cha chini cha sheria. Mshahara wa miezi mitano kwa miaka kumi ya maisha yako. KRA bado haijapitisha mkono, benki bado haijakata deni lake, na mjomba bado hajapiga simu kusema ana wazo la biashara ya kuku.

Na hiyo ni kwa yule aliyeajiriwa moja kwa moja. Wale wa makontrakta, wa jikoni, wa usafi, wa ulinzi, wa malori, wengi wao wako kwa kandarasi za muda. Kandarasi ikifika tarehe yake imeisha yenyewe, hujafutwa, so hizo siku 15 mara nyingi huzioni. Mtu amefanya miaka minane mahali pamoja lakini kwa karatasi amefanya mwaka mmoja mara nane. Kama kuna kitu kimoja unatoka nacho kwa hii stori, basi ni hiki: soma kandarasi yako leo, si siku unaitwa ofisini.

Sasa tufike kwa ile inayonichemsha damu. Mrabaha.

Sheria ya Madini ya 2016 iligawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale madini yanapotoka. Iko kwa karatasi, imepigwa sahihi. Wazo lilikuwa poa kabisa: kadiri mchanga unavyoondoka, kitu kinabaki. Watu wa karibu na mgodi wangekuwa na mfuko wao, wajenge, wasomeshe, waanzishe vitu ambavyo mgodi ukienda vitakuwa vimesimama. Sasa jiulize hiyo pesa ilifika lini. Sheria ilipita 2016, na miaka ikapita, mwaka baada ya mwaka, mchanga unaendelea kupanda meli, na zile kumi za jamii hazionekani. Mara kanuni hazijakamilika, mara jamii haijafafanuliwa ni nani hasa, mara Hazina. Mazungumzo ya kuzigawa yalikuja kushika kasi wakati mgodi unapumua pumzi za mwisho. Ni kama kumletea mgonjwa uji amekwisha kuhamishwa wodi.

Na chekesho ni kwamba hatuwezi kusema tulikosa mtu wetu mezani. Salim Mvurya alikuwa gavana wa Kwale tangu 2013 mpaka 2022, kisha akaenda moja kwa moja kuwa Waziri wa Madini. Alipohamishwa 2024, kiti akakalia Hassan Joho, wa Mombasa hapo ng'ambo ya feri. Pwani ilishika hiyo wizara miaka yote ya mwisho ya mgodi. Sisemi hawakufanya kitu, sina ushahidi wa hivyo na sitaki barua ya wakili. Nasema tu kwamba ile excuse ya "Nairobi haitujui" haipiti tena hapa.

Haki iwe haki lakini. Kampuni yenyewe ilifanya vitu. Iliwasomesha watoto wengi kwa udhamini, ilijenga madarasa na kituo cha afya Magaoni, ilisaidia wakulima wakaingia kwa pamba na viazi kupitia ushirika wa PAVI. Hiyo ya pamba mimi naikubali, maana shamba halina tarehe ya kufungwa. Lakini hapa ndipo swali gumu liko. Mwenye kujenga shule anaweza kuondoka na shule ikabaki. Mwenye kulipa karo akiondoka, mtoto wa kidato cha pili anaenda wapi? Kituo cha afya kina kuta, sawa, dawa na nesi ni za kaunti sasa. Kwa miaka 11 serikali yetu ilizoea kuona kampuni inafanya kazi ya serikali, na hakuna aliyekuwa anaharakisha kujifunza kuifanya.

Wazee wetu walishaona hii filamu. Ramisi ilikuwa na kiwanda cha sukari kabla sijazaliwa, kikafa 1988. Babu yangu mpaka leo akipita pale anapunguza sauti kama anapita makaburini. Watu walibaki na miwa shambani na hakuna wa kununua. Ilichukua miongo kabla KISCOL kuja kuipanda miwa tena, nayo ina drama zake ambazo nitaziandika siku nyingine. Halafu 1997 vurugu za Likoni, watalii wakatoroka, hoteli Diani zikafunga, mabaa, wachongaji vinyago, wapiga ngoma, wote chini. Halafu corona. So ukiniambia Kwale haikujua kwamba kazi kubwa moja inaweza kuondoka na kila kitu, nitakuuliza unaishi Kwale gani.

Basi wasee wameenda wapi? Fundi wa umeme, mchomeleaji, fundi wa mitambo, hao wamepata pa kushika, ujuzi wao unasafiri. Wengine wametazama Madagascar. Base ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani Oktoba 2024, na kitu kilichovutia macho ya hao Wamarekani ni mradi wa Toliara kule Madagascar, ambao serikali ya huko ilikuwa imeusimamisha tangu 2019 ikaufungulia Novemba 2024. Lakini Toliara ina vijana wake, nao wanataka kazi kama tulivyotaka sisi. Yule aliyekuwa anapiga kilima cha mchanga kwa maji ya presha mpaka kiwe uji, hiyo kazi duniani iko mahali pachache sana, na Galu si mojawapo. Hapa Galu kuna kazi ya bustani kwa villa, ulinzi wa usiku, kusafisha bwawa la kuogelea. Ni kazi halali na siidharau, nimeifanya. Lakini ikifika Aprili masika inashika, wageni wanaisha, na mwenye villa anakuambia pumzika mpaka Julai. Mgodi haukuwa na msimu wa mvua.

Kuna waliokata tiketi za Ghuba. Saudia, Qatar, Oman. Na huko ndiko tunarudi kwa mafuta yale yale. Bei ilipoanguka 2014 mpaka 2016, Saudia ikafunga mkono, kampuni kubwa za ujenzi zikaachisha watu maelfu kwa maelfu, wengine wamekaa miezi bila mshahara, na 2016 wafanyakazi wenye hasira wakachoma mabasi Makka. So msee wa Kwale anatoroka mgodi ulioisha anaenda kuegemea pipa la mafuta ambalo bei yake inapangwa na watu hajawahi kuwaona. Ukienda, nenda, siwezi kukukataza wakati sina cha kukupa. Acha tu nakala ya kandarasi kwa maza, na usichukue mkopo wa kujenga kwa mshahara wa miezi mitatu ya kwanza.

Na kuna Mrima. Kilima cha Mrima kina niobium na madini adimu ambayo dunia nzima inayagombania saa hii kwa ajili ya simu na magari ya umeme. Cortec ilipokonywa leseni Agosti 2013, ikaishtaki Kenya mahakama ya kimataifa, ikashindwa 2018. Kila baada ya muda wageni wanakuja kutazama, na wenyeji wamekuwa wagumu, kwa sababu pale kuna msitu na kaya yao. Kuna watu mtaani wanawaita washamba. Mimi siwezi. Hawa watu wamekaa karibu na Maumba na Nguluku, wameona majirani wakihamishwa, wameona mchanga ukienda, na sasa wanaona majirani hao hao wakidai ardhi irudi mikononi mwao wakati serikali inafikiria itumike aje. Kabla hawajafungua mlango wanauliza swali la kawaida kabisa: zile asilimia 10 za pale ziliingia akaunti gani, na nani alizitia sahihi? Akija mtu na jibu la hilo swali, akiwa na karatasi na si hotuba, nadhani mazungumzo ya Mrima yatakuwa mafupi.

Jana nilipandia nduthi ya jirani yangu kutoka Ukunda. Bado anavaa zile buti za mgodi, ngozi nzito, chuma mbele ya vidole. Nikamuuliza kama hazimchomi miguu na hili joto. Akasema zinamchoma, lakini ni nzuri kuliko kiatu chochote anachoweza kununua saa hii, na soli bado ina miaka miwili. Tukafika Galu, nikamlipa, Fuliza ikala yake kwanza, akacheka, akageuza kuelekea beach kuwahi watalii wa jioni.